Damu ya Mtoto na Ndimi za Watu

Ndugu zetu Waislamu, yako maneno yapitayo mabarazani ambayo yatupasa kuyakomesha kwa ilimu. Baba akipimwa damu akaonekana ni kundi A, na mama kundi B, kisha mtoto wao akawa O, watu huanza kumnong'ona mama. Hiyo ni dhulma, tena ni ujinga.

Makundi ya damu aliyatangaza Karl Landsteiner, mjini Vienna, mwaka 1901. Kila mtu hurithi sehemu mbili: moja kwa baba, moja kwa mama. A na B hudhihiri. O hufichika ikikutana na mojawapo. Basi baba wa A aweza kuwa na O iliyofichika, na mama wa B vivyo hivyo. Kila mmoja akitoa O yake, mtoto huwa O. Wazazi hao hao waweza kuzaa watoto wa makundi yote 4: A, B, AB na O.

Bedui mmoja alimjia Mtume wetu (S.A.W.) akimshuku mtoto wake kwa weusi wake. Mtume akamwuliza: katika ngamia wake wekundu, yule wa rangi ya majivu ametoka wapi? Akajibu, huenda ni asili imemvuta. Mtume akamwambia kuwa huenda na mtoto wake ni hivyo.

Basi na tuzizuie ndimi zetu. Qur'ani yamtaka amsingiziaye mwanamke mwema zina alete mashahidi 4, au apigwe mijeledi 80. Tofauti hii ya damu si shahidi hata mmoja.