Jino Liking'oka, Usilitupe

Mtoto anaanguka na baiskeli, mdomo unagonga ukingo wa barabara, na jino la mbele linatoka zima pamoja na mzizi wake. Watu wengi hukimbilia kumwosha damu na kumbembeleza. Jino linaachwa mchangani, au linafungwa kwenye karatasi hadi kesho yake. Huko ndiko kulipoteza, kwa sababu jino hilo bado lina uhai. Mzizi wake umefunikwa na utando mwembamba wa chembe hai zinazolishikilia kwenye taya, na chembe hizo hufa zikikauka. Likirudishwa mahali pake ndani ya dakika chache, huweza kushika tena. Likikaa kavu kwa saa nzima, nyingi kati ya chembe hizo huwa zimeshakufa.

Kwa hiyo, kama mtoto ana fahamu zake, litafuteni. Lishike upande mweupe unaoonekana akicheka, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maji safi. Sekunde 10 zinatosha. Usilisugue, usilipake dawa ya meno wala spiriti, na usibandue vinyama vilivyoshikamana na mzizi, kwani hivyo ndivyo vitakavyolishikisha tena. Kisha lisukume taratibu kwenye tundu lake, upande wa mbele ukitazama mbele, mtoto aume kitambaa safi, mwende moja kwa moja kwa daktari wa meno. Tunajua mkono wa mzazi hutetemeka hapo. Lakini mzazi au mwalimu aliyepo uwanjani ana uwezo mkubwa zaidi wa kuliokoa kuliko daktari bingwa atakayeliona baada ya saa mbili.

Ukishindwa kulirudisha, litumbukize kwenye maziwa baridi ya kawaida, mtindi haufai. Maziwa yasipopatikana, mtoto ateme mate kwenye kikombe safi na jino likae humo. Maji matupu yawe chaguo la mwisho, kwani huharibu chembe, ingawa ni afadhali kuliko kuliacha likauke.

La utotoni halirudishwi

Hayo yote yanahusu jino la ukubwani. Meno ya mbele ya ukubwani huota kati ya miaka 6 na 9. Jino la utotoni lililong'oka lisirudishwe kamwe, maana huweza kuumiza jino changa linalokua chini yake. Mtoto apelekwe tu akaangaliwe. Kama hujui ni jino lipi, liweke kwenye maziwa, daktari atalitambua.

Hospitali kwanza

Mtoto aliyezimia, anayetapika, anayesinzia isivyo kawaida, anayetokwa na majimaji puani au masikioni, anayeona vitu viwili viwili, au ambaye meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani, apelekwe hospitali mara moja. Aliyepoteza fahamu asirudishiwe jino mdomoni. Laweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Jino lililorudishwa hufungwa kwa waya mwembamba kwa wiki 2 hivi. Mtoto ale vyakula laini, apige mswaki kwa upole, na ahudhurie kila tarehe aliyopangiwa, hata kama haumwi.

Na kama jino limekaa mfukoni tangu asubuhi, nenda nalo kwa daktari wa meno hivyo hivyo. Uamuzi wa kulirudisha au kuliacha ni wa daktari.