Daraja Limefungwa: Kwa Nini Tunangoja Siku Nyingi Hivi?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo tunazungumza juu ya jambo linalotia watu hasira kuliko matope ya mwezi wa nne: daraja lililofungwa, au kilalo kama wengi wetu tunavyosema.

Tuchukue mfano. Kamio yenye mzigo wa hatari inaanguka juu ya daraja katika njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Shofere anatolewa. Siku ya tatu kamio inavutwa kando. Ukitazama kwa macho, daraja lingali limesimama kama zamani. Lakini kamba haijafunguliwa, na askari aliye pale anakurudisha. Siku ya nane, bado. Mama mwenye mihogo sokoni anaona mali yake inaoza. Bei ya chumvi na sabuni inapanda Salamabila. Vijana wa pikipiki wanakaa bila kazi. Mgonjwa anayetakiwa kufika lopitali ya Kasongo analala kando ya njia. Kila mtu anauliza: wanangoja nini?

Ulizo hili ni la haki, na mtu asiambiwe kwamba yeye ni mkorofi kwa kuliuliza. Basi tulijibu.

Jambo la kwanza ni kujua kamio ilibeba nini. Kamio za mizigo ya hatari hutakiwa kuwa na kibao cha rangi ya machungwa mbele na nyuma. Kibao hicho kikiwa na namba mbili, namba ya chini ndiyo jina la mzigo, na inafahamika dunia nzima. Andikeni hizi nne ukutani nyumbani: 1203 ni esanse, 1202 ni mazuti, 1830 ni asidi ya salfuriki, 1689 ni sianidi kavu, ile inayotumika migodini kutenga dhahabu na mawe. Mtoto wa shule anaweza kuisoma namba akiwa mbali, na kukimbia kuwaambia wakubwa. Asisogee karibu ili aisome vizuri zaidi.

Kila mzigo unaumiza daraja kwa namna yake. Hapa kwetu Maniema madaraja mengi ni ya miti, au ya chuma cha vipande vilivyounganishwa kwa pini. Esanse ikiwaka chini ya chuma, chuma hakiyeyuki, lakini kinalegea. Kikifika moto wa nyuzi 600 hivi, kimekwisha kupoteza nusu ya nguvu zake au zaidi. Kikipoa kinaonekana kizima, huku pini zimepinda na matundu yamepanuka. Asidi nayo inakula chuma na beto, na inapokula chuma inatoa hewa inayoweza kushika moto. Tena inaingia ndani ya mbao na kukaa humo, na wewe unapita juu kwa miguu mitupu. Sianidi hailiumizi daraja hata kidogo. Kazi yake ni kuua watu. Ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu kali mara moja. Ikilowa kwa mvua, inayeyuka na kushuka mtoni.

Juu ya sianidi kuna habari ya kweli ambayo kila mtu wa mgodi angepaswa kuijua. Tarehe 20 Mei 1998, katika nchi ya Kirigizistani, kamio iliyokuwa inapeleka sianidi kwenye mgodi wa dhahabu wa Kumtor ilianguka kutoka darajani na kuingia mto Barskoon. Kilo 1,762 za sianidi ziliingia majini. Chini ya mto kulikuwa na vijiji, na watu walitumia maji yale kwa kunywa na kwa mashamba. Wanakijiji waliambiwa baada ya saa nyingi kupita. Saa hizo zote watu hawakujua kwamba maji yale yana sumu. Baadaye watu kwa maelfu walikwenda kwa waganga, na mabishano juu ya hesabu ya waliokufa yalidumu miaka mingi. Tena, dawa ya klorini ilimwagwa pale ili kuua sumu, na wachunguzi walisema yawezekana dawa hiyo nayo iliwadhuru watu. Sianidi ikiisha kuingia mto unaotiririka, hakuna dawa nzuri ya kumwaga. Kinachobaki ni kuwazuia watu wasiyaguse maji, na kuyapima mpaka yawe safi.

Angalieni vizuri: kule Barskoon, walioumia walikuwa chini ya daraja, mbali na kamio, na hakuna aliyewaonya.

Sasa turudi kwenye siku zetu nane. Kuivuta kamio ni kazi ndogo kuliko inavyoonekana. Kazi kubwa inakuja kabla yake na baada yake. Kwanza mzigo uliobaki unahamishwa kwa mikono ya watu waliofundishwa, wenye mavazi na vinyago vya kazi hiyo. Mara nyingi watu hao hawako Kasongo, lazima waitwe kutoka mbali. Halafu kamio yenyewe inanyanyuliwa polepole, kwani ikiteleza inaweza kuvunja kile ambacho ajali haikukivunja. Udongo uliolowa sumu unachimbwa na kuondolewa. Asidi inatulizwa kwa chokaa, na hata hapo si kwa haraka, maana inachemka na kurusha matone. Maji ya kuoshea daraja hayawezi kuachwa yashuke mtoni hivihivi. Lazima yazuiwe na kuchukuliwa. Mvua moja ya jioni inaweza kurudisha nyuma kazi ya siku nzima.

Baada ya hapo anakuja fundi wa madaraja. Anapita juu, na anashuka chini pia, mahali wewe na mimi hatutazami. Anagonga pini moja moja, anapima kama vyuma vimenyooka, anabandua mbao zilizolowa. Kipande kimoja kikitakiwa kubadilishwa, nacho kinasafiri juu ya barabara hizihizi tunazozijua. Mwishoni daraja linajaribiwa: watu kwa miguu, pikipiki, gari dogo, kisha kamio moja moja isiyo na mzigo mzito. Ndiyo maana siku nyingine mtaona pikipiki zinapita na kamio zinakataliwa. Si upendeleo.

Hata nchi tajiri zinangoja. Tarehe 11 Juni 2023, mjini Philadelphia, Marekani, kamio ya esanse iliwaka moto chini ya daraja la barabara kuu, na daraja likaanguka. Shofere alikufa. Barabara ile ilipitwa na magari kama 160,000 kila siku. Wale walikuwa na fedha, mashine, taa za usiku, na mafundi waliokesha kwa zamu bila kusimama. Walishangiliwa sana kwa sababu walifungua njia ya muda tarehe 23 Juni, yaani siku 12. Na ile ilikuwa njia ya muda juu ya kifusi, si daraja jipya.

Lakini haifai kumaliza maneno hapo na kuwaambia watu wanyamaze. Kungoja kuna namna mbili. Kuna kungoja kwa sababu kazi inaendelea, na kuna kungoja kwa sababu barua imelala juu ya meza ya mtu. Mwananchi aliye kwenye kamba hawezi kuzitofautisha asipoambiwa. Kwa hiyo kampuni yenye mzigo, pamoja na Office des Routes na wakubwa wa eneo, wanatakiwa kusema tangu siku ya kwanza: mzigo ni nini, umemwagika kiasi gani, maji yamepimwa lini, kazi ya leo ni ipi, ya kesho ni ipi. Ubao mmoja wenye chaki kila upande wa daraja unatosha, ukiandikwa upya kila asubuhi kwa Kiswahili. Watu wakiona ubao wa jana bado haujafutwa, wana haki ya kuuliza kwa nguvu. Mfanyakazi aulize kwa delege wake na katika mkutano wa usalama. Wanakijiji kwa shefu wao. Ulizeni maneno yaandikwe.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu asiyeambiwa kitu anakata kamba. Na anayekata kamba anakuta nini upande wa pili? Wengi wetu tunaikumbuka Sange, katika eneo la Uvira, tarehe 2 Julai 2010. Kamio ya mafuta ilipinduka, watu wakaja na bidoni na masufuria, moto ukalipuka; watu zaidi ya 200 walikufa, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao. Katika Lualaba, karibu na kijiji cha Kabwe, tarehe 20 Februari 2019, kamio ya asidi iligongana na magari mengine, na watu wapatao 20 wakafa. Na Mei 2024, karibu na Rironi nchini Kenya, kamio iliyobeba sianidi ilipata ajali, na sehemu ya mzigo ikaibwa. Serikali ilibidi iwasihi watu wasiguse vile vitu. Sianidi kavu ni vipande vyeupe. Mtu anaweza kudhani ni chumvi au chokaa. Hata mfuko au sanduku tupu lililokuwa na sianidi usilichukue kuwekea unga.

Wengine husema sianidi inajulikana kwa harufu. Msiamini. Wako watu ambao pua zao haziisikii kabisa, na anayeisikia amekwisha kuivuta.

Mnaotafuta njia ya kuvuka, sikieni hili. Anayetaka kuvuka kwa mtumbwi avuke juu ya mto, upande maji yanakotoka, tena mbali na ajali. Kamwe asivuke chini yake. Kampuni yenye gari la wagonjwa iweke gari moja kila ng'ambo, ili mgonjwa avushwe hapo juu na kupokelewa bila kungoja daraja. Mke wa mfanyakazi anayekaribia kuzaa asingoje uchungu uanze. Avushwe mapema, akakae kwa ndugu karibu na lopitali.

Asidi ikikurukia, vua nguo mara moja na kumwagia maji safi mengi mahali pale dakika 20 au zaidi, halafu nenda kwa mwuguzi. Mtu akianguka karibu na sianidi, msimkimbilie wote. Simameni upande upepo unakotoka, waiteni wenye vinyago, na msimpulizie pumzi mdomoni kwa mdomo wenu.

Na kwa wale wanaokaa kando ya Luama na vijito vyake: mkisikia ajali ya kamio juu yenu, msiteke maji ya mto siku ile hata kama ni meupe kabisa. Tumieni kisima kilicho mbali na ukingo, au maji ya mvua yaliyokingwa nyumbani. Mbuzi wafungwe. Samaki wakielea wamekufa, wasiliwe, wasikaushwe, wasipelekwe sokoni Kasongo. Hesabuni walioonekana, mahali gani na saa gani, mkawaambie wanaopima maji.