Magando ndani ya Maji Taka: Tatizo la Istilahi Moja ya Kemia

Utangulizi

Makala haya yanajadili istilahi moja ya kemia ambayo, ikiundwa vibaya, hupotosha somo zima. Mfano wetu wa mahali ni Taveta. Mto Lumi hutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hupita Taveta na kuingia Ziwa Jipe. Kutoka huko maji hufuata Mto Ruvu hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu nchini Tanzania. Hatudai kwamba maji hayo yamechafuliwa kwa metali. Hoja yetu ni kwamba kiwanda kikiombewa kibali kando ya mto kama huo, wakazi wa nchi mbili watastahili kuelezwa, kwa lugha wanayoshiriki, jinsi maji taka yatakavyosafishwa.

Kiini cha tatizo

Viwanda vinavyopaka vifaa shaba au nikeli hutoa maji yenye metali nzito. Kwa kawaida hutiwa chokaa; metali hugeuka chembe zisizoyeyuka, zikatuama kama mashapo. Lakini maji yakiwa na kemikali iitwayo EDTA, chokaa pekee haifui dafu. Molekuli moja ya EDTA huweza kuishika ioni ya metali katika sehemu 6, mithili ya kaa abanaye kitu kwa magando. Istilahi ya kimataifa, kelati, imetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya gando.

Hapo ndipo umeme hutumiwa. Penye anodi, EDTA huoksidishwa na kuvunjwavunjwa. Penye kathodi, ioni za shaba hupokea elektroni na kuwa shaba kavu. Aidha, anodi ya chuma huyeyuka na kutoa ioni. Zikifikia chaji +3, ioni hizo hushikwa na EDTA kwa nguvu kuliko shaba. Shaba huachiliwa, ikaweza kutuamishwa.

Uteuzi wa istilahi

Mwanafunzi aweza kuvutiwa na neno “kigandishi”, kwa kuwa linafanana na “gando”. Neno hilo halifai. Kugandisha ni kukusanya chembe pamoja, ilhali EDTA huzuia metali isituame. Msikilizaji angeelewa kinyume. Twapendekeza utohozi, “kelati”, kwa kiwanja kinachoundwa, na “dutu ya magando” kwa kemikali inayoshika. La kwanza linatuunganisha na sayansi ya dunia. La pili linajieleza.

Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba sayansi. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi (kifungu cha 7), na inampa kila mtu haki ya mazingira safi (kifungu cha 42). Haki hizo mbili hukutana katika neno sahihi. Mwananchi asiyeelewa kilichomo majini hawezi kukipinga wala kukiidhinisha.