Chakula cha Mgonjwa Mahututi: Kuchagua kwa Hesabu, si kwa Mazoea

Familia ya Kata ya Ipililo inapompeleka mgonjwa mahututi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu mjini Bariadi, au Bugando jijini Mwanza, mara nyingi ndugu hubeba chupa ya uji. Moyo huo ni wa kupongezwa. Hata hivyo, mgonjwa asiyeweza kumeza hulishwa kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni, na kinachopita humo hupaswa kupimwa.

Mtu mzima mahututi mwenye uzito wa kilo 60, hali yake inapoanza kutulia, huhitaji takribani kilokalori 1,500 kwa siku na protini isiyopungua gramu 72. Lita moja ya uji mwepesi wenye gramu 100 za unga mtupu wa mahindi hutoa takribani kilokalori 360 na gramu 8 za protini. Angehitaji zaidi ya lita nne ili kupata nguvu hiyo, na bado protini isingefika nusu ya mahitaji. Mgonjwa wa namna hiyo hudhoofika misuli, na vidonda vyake huchelewa kupona.

Chakula maalumu cha kawaida cha kulishia kwa mpira huwa na kilokalori 1 katika kila mililita. Lita moja na nusu hutoa nguvu inayotosha kwa siku, na ndani yake mna protini, vitamini na madini. Aina hiyo huwafaa wagonjwa walio wengi. Aina za wenye kisukari au maradhi ya figo huchaguliwa na daktari na afisa lishe. Maziwa ya F-75 na F-100 yametengenezwa kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo mkali. Hayatumiki kwa kubahatisha.

Pale chakula maalumu kisipopatikana, afisa lishe huweza kuelekeza uji ulioongezwa maziwa yaliyochemshwa, mafuta na karanga zilizosagwa laini, kisha ukachujwa ili usizibe mpira.

Ndugu wazingatie yafuatayo:

1. Wasimpe mgonjwa chochote kupitia mpira bila idhini ya muuguzi, ambaye kwanza huhakiki kuwa mpira uko tumboni.
2. Kichwa na kifua viinuliwe wakati wa kulishwa, ili chakula kisiingie mapafuni.
3. Mikono na vyombo vioshwe kwa sabuni. Chakula kilichokaa saa nyingi kimwagwe.
4. Mpira usafishwe kwa maji safi na salama kila baada ya kulisha.
5. Aliyekaa siku kadhaa bila kula aanziwe kwa kiasi kidogo. Kumshibisha ghafla huweza kuvuruga madini ya damu na kuhatarisha moyo.

Kabla ya kuinjika sufuria, ndugu wamuulize afisa lishe maswali matatu: chakula gani, kiasi gani, na mara ngapi kwa siku.