Wosia wa Mwenye Vyumba Asiye na Ardhi

Mwenye vyumba akifariki pale Gatwekera, Kibera, kodi ya mwezi huo haikosi mpokeaji. Mara nyingi huwa ni aliyewahi: ndugu aliyetoka mashambani kuja kuzika, keateka aliyekuwa akikusanya, au kijana aliyebaki na simu ya marehemu na namba ya siri ya M-Pesa. Mjane huambiwa asubiri matanga yaishe. Yakiisha, wapangaji wameshazoea kulipa kwingine.

Dawa yake ni wosia, ila kwanza ujue unausia nini. Sehemu kubwa ya Kibera imejengwa juu ya ardhi ya serikali. Chako ni mabati, mbao, udongo, kodi, na ile karatasi ya ruhusa uliyopewa na chifu, kama unayo. Kule Mexico mgeni anayetaka nyumba karibu na bahari hushikiwa na benki kwa mkataba wa miaka 50, na humo humo hutajwa atakayeipokea mwenyewe akifa. Karatasi ya chifu haina nafasi ya jina hilo. Nafasi hiyo utaitengeneza wewe.

Basi usiandike "ardhi yangu ya Kibera", kwa maana huwezi kumpa mtu usichokuwa nacho. Andika: "Vyumba vyangu sita, Laini Saba, nyuma ya kanisa fulani, vinavyopakana na fulani na fulani, pamoja na kodi yake na haki au fidia yoyote itakayotokana navyo." Maneno hayo ya mwisho usiyaruke. Kwenye mradi wa kuboresha Soweto Mashariki, hapo hapo Kibera, watu walihesabiwa kabla ya wa kwanza kuhamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009. Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kufungua barabara, na mabati yakalala chini asubuhi moja. Wosia uliotaja mabati peke yake unabaki na nini siku kama hiyo?

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haidai wakili wala karatasi ya bei. Inataka uwe mtu mzima mwenye akili timamu, utie sahihi au alama yako, na mashahidi wawili wakuone ukifanya hivyo, kisha nao watie sahihi mbele yako. Anayerithi asiwe shahidi. Akiwa mmoja wa hao wawili tu, anapoteza alichoachiwa. Mtaje pia msimamizi, na awe mtu anayeweza kusimama mbele ya wapangaji bila kutetemeka. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unakubalika, lakini ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka, umekwisha nguvu.

Sasa lile ambalo wanaume hawapendi kuulizwa. Kama kuna mama watoto mjini na mwingine nyumbani, waandike wote, na watoto wote, hata yule ambaye hamjazungumza miaka minne. Ukimficha atajitokeza kwenye mazishi, na mahakama ina uwezo wa kumkatia fungu mtegemezi uliyemsahau. Usipoacha wosia, mali ya mwenye wake wengi hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mke huhesabiwa kama mmoja wa kuongezea. Si lazima hesabu hiyo ifanane na ahadi ulizotoa.

Kwa Mwislamu wa Makina mambo ni tofauti: urithi wake unafuata sheria ya Kiislamu, wosia hauzidi thuluthi ya mali, na mlango wa kubisha ni wa Kadhi. Wanubi wa Kibera walikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017, lakini ni hati ya jumuiya. Baba hawezi kumwachia mwanawe kipande cha ardhi hiyo kana kwamba ni ploti yake binafsi.

Ukivuka hadi Kawangware utakuta hati, tena za kweli, ila mara nyingi jina lililomo ni la babu. Wajukuu wamejenga ghorofa hapo Gatina juu ya jina la marehemu! Fanyeni upekuzi wa hati kupitia mtandao wa Ardhisasa, kisha mfungue kesi ya urithi wa babu kabla ya kuandika wosia wenu. Anayeuza kipande cha mali ya marehemu bila kibali cha mahakama anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mume na mke wanaonunua leo wanaweza kuandikishwa kama wamiliki wa pamoja, hivi kwamba mmoja akifa fungu lake linamwendea aliyebaki bila kesi. Na jirani yetu Mkongo anayenunua ploti aangalie: Katiba, ibara ya 65, inampa asiye raia ukodishaji wa hadi miaka 99 tu, kwa hiyo atakachowaachia watoto ni miaka iliyobaki.

Wosia ukishakamilika, nunua daftari. Andika kila mpangaji na chumba chake, amana aliyoweka, mita ya stima, vyama vyako na anayekudai. Pitia jina la mrithi kwenye Sacco, maana wengi waliandika la mama yao kabla ya kuoa. Nakala moja ya wosia mpe msimamizi, nyingine mtu asiye wa ukoo. Kisha mwezi ujao, siku ya kodi, zunguka mlango kwa mlango na yule utakayemwachia, wapangaji wamjue sura ungali hai.