Goti Lililovunjika na Kazi ya Daktari Mpasuaji

Mtu akianguka kutoka mtini, au akiumia katika mchezo wa mpira, na goti lake likavimba, jamaa zake mara nyingi humkanda kwa mafuta wakisema kwamba ni mteguko tu. Pengine wasema kweli. Lakini uvimbe unaokuja upesi, katika saa moja au mbili, kwa kawaida ni damu iliyojaa ndani ya kiungo, na damu hiyo yaweza kuwa imetoka katika mfupa uliovunjika. Daktari akiivuta kwa sindano na kuona matone ya mafuta yakielea juu yake, hutambua kwamba mfupa umepasuka, kwa maana mafuta hayo hutoka katika uboho.

Katika goti mifupa mitatu hukutana: mfupa wa paja, mfupa wa muundi, na pia ya goti iliyo mbele. Mahali inapogusana imefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye utelezi, ambacho kila mtu amekiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Tena baina ya paja na muundi mna magegedu mawili mengine, umbo lake kama mwezi mchanga, yenye kazi ya kueneza uzito wa mwili.

Mfupa una mishipa ya damu, kwa hiyo ukivunjika na kuwekwa sawasawa, huunga. Gegedu linalofunika mifupa halina mishipa hiyo. Mwaka 1743 William Hunter aliandika katika Uingereza kwamba gegedu likiharibika halirudi tena, na hata leo wapasuaji hawajaweza kumkanusha kabisa. Mwaka 1994 madaktari wa Uswidi walitangaza njia ya kutoa chembe hai za gegedu la mgonjwa, kuziotesha nje ya mwili, na kuzirudisha gotini. Lakini hiyo ni kazi ya gharama kubwa. Kwa hiyo shabaha ya mpasuaji ni kuliokoa gegedu lililopo.

Tuchukue pia ya goti iliyokatika vipande viwili. Musuli wa paja huvuta kipande cha juu, na mgonjwa hawezi kuinua mguu ulionyooka. Plasta peke yake haiwezi kuvikutanisha vipande hivyo. Mpasuaji huvishika kwa pini mbili, kisha huzungusha waya kwa umbo la tarakimu 8. Goti likunjwapo, waya huo huvibana vipande pamoja zaidi. Nguvu iliyokuwa ikivitenga sasa yaviunga.

Kichwa cha muundi kikibonyea, mpasuaji hukiinua, hujaza pengo lililo chini yake, mara nyingi kwa mfupa uliotolewa nyongani, na kukitegemeza kwa bamba la chuma na skrubu. Uso usio sawa, hata kwa kimo kidogo, husaga gegedu kila hatua mtu atembeapo. Katika jeraha hili iko hatari moja ya kuangaliwa sana: muundi ukikaza na kuuma kupita kiasi, na vidole vikafa ganzi, mgonjwa apelekwe kwa daktari saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Na yale magegedu ya umbo la mwezi? Mwaka 1883 Thomas Annandale wa Edinburgh alilishona moja katika goti la mchimba migodi. Hata hivyo kwa miaka mingi wapasuaji walizoea kuyaondoa yote, ingawa mwaka 1948 Fairbank alionyesha kwa picha za eksirei jinsi magoti hayo yanavyochakaa. Mwaka 1962 Masaki Watanabe wa Tokyo, akitazama kwa darubini nyembamba iliyoingizwa gotini, alikata sehemu iliyochanika tu. Siku hizi mpasuo ulio karibu na ukingo wa nje, ambako damu hufika, hushonwa ikiwezekana.

Baada ya kupasuliwa, mgonjwa hutumia magongo kwa majuma mengi, naye hufundishwa kukunja goti kidogo kidogo ili lisikauke.

Mwenye kuumia goti na amwambie mganga mambo matatu: uvimbe ulianza baada ya muda gani, kama aweza kuinua mguu ulionyooka, na kama goti hukwama lisinyooke.