SOMO LA FAMILIA: Nyimbo Tunazoweka Vinywani mwa Watoto Wetu

Masomo: Kumbukumbu la Torati 31:19-22, Marko 4:35-41, Zaburi 13, Yakobo 3:9-10



Katika somo hili tunaongea na wazazi, mabibi na mababu, walimu wa shule ya Jumapili, na ninyi dada wakubwa mnaobeba wadogo zenu mgongoni. Habari yetu ni nyimbo za watoto wadogo. Huenda mtu atasema, "Mchungaji, mgao hautoshi, turubai linavuja, na ninyi mnatuletea habari ya nyimbo?" Tunaomba mtuvumilie na kusoma mpaka mwisho.

1. Wimbo huvuka ziwa bila mzigo

Sisi tunaotoka Rumonge, Nyanza-Lac na pwani ile yote ya Tanganyika tunalijua jambo hili. Mwaka 1972 wazee wetu walikimbia, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu milimani, wakaingia Tanzania. Walipelekwa Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Vitabu vingi vya nyimbo vilibaki nyumbani au vililowa maji. Lakini jioni mama zetu waliimba wakipika, nasi tuliozaliwa huko tukazijua nyimbo za Rumonge kabla ya kuiona Rumonge yenyewe.

Mwaka 2008 na 2009 wengi tulirudi. Watoto wetu walifika wakiimba Kiswahili katikati ya wenzao wanaoimba Kirundi. Kisha mwaka 2015 tukakimbia tena. Tulijaa Kagunga, mahali padogo kati ya mlima na maji, kipindupindu kikatukuta pale pale, na meli ya Liemba ikawa inatuchukua kwenda Kigoma. Mtu alibeba mtoto na sufuria, basi. Nyimbo zilikuja nasi kwa sababu hazina uzito.

Mungu analijua hilo tangu zamani. Musa alipokaribia kufa, Mungu alimwagiza aandike wimbo na kuwafundisha Waisraeli, uwe shahidi wake siku taabu nyingi zitakapowapata. Alijua kwamba wazao wao hawatausahau.

Basi, kama wimbo hausahauliki, ni lazima tuangalie sana ni wimbo gani tunaompa mtoto. Wimbo mbaya nao hausahauliki.

2. Wimbo uwe wa kweli hata kwa mtoto aliyefiwa

Hapa tunaungama kosa letu. Katika darasa la watoto wadogo tulikuwa na wimbo wa mtumbwi. Watoto wanapiga kasia kwa mikono, wanacheka, na maneno yake yalisema kwamba aliye na Yesu mtumbwi wake hauzami. Mtoto mmoja wa miaka kama sita alikunja mikono akakataa kuimba. Tulidhani ni ukaidi, tukamkemea. Baadaye bibi yake alituambia: baba wa mtoto alikuwa mvuvi wa ndagala, na usiku wa kuvuka, mtumbwi wake haukufika. Mtoto alikuwa akijiuliza kama baba yake hakuwa na Yesu.

Tulinyamaza. Tulisoma mafundisho ya imani katika chuo cha Biblia, lakini fundisho la uongo tulilipitisha sisi wenyewe mlangoni kwa sababu lilikuwa na sauti nzuri na kupiga makofi.

Soma tena Marko 4. Dhoruba ilikuja Yesu akiwa ndani ya chombo. Wanafunzi waliogopa, maji yakaingia, wakamwamsha kwa kulia. Habari njema ya pale ni kwamba Yesu alikuwa pamoja nao ndani ya dhoruba. Stefano naye alikuwa na Yesu, na mawe yalimpiga hata akafa. Kwa hiyo tulirudi kwa mtoto yule, tukamwomba msamaha, tukamwambia kwamba kuzama kwa mtumbwi si alama ya kukataliwa na Yesu. Maneno ya wimbo tuliyabadili. Siku ile hakuimba. Jumapili iliyofuata alipiga kasia kwa mikono, kimya. Hatukumlazimisha.

3. Mfano wa wimbo mzuri

Wote tunaufahamu wimbo "Yesu Anipenda". Maneno yake ya kwanza yaliandikwa na Anna Warner wa Marekani, yakatoka mwaka 1860 ndani ya kitabu cha hadithi alichokiandika pamoja na dada yake Susan. Katika hadithi hiyo, mtoto mgonjwa sana anaimbiwa maneno hayo. Mwaka 1862 William Bradbury aliyatia sauti na kuongeza kiitikio. Mtoto wa hadithi ile hakupona. Alikufa akijua kwamba anapendwa. Ndiyo maana wimbo huu unafaa harusini na unafaa pia kando ya kitanda cha zahanati.

4. Mambo ya kufanya nyumbani

a) Fundisheni nyimbo chache, watoto wazishike bila kitabu. Wimbo mmoja kwa mwezi unatosha.

b) Imbeni kwa lugha mbili. Kirundi cha bibi na Kiswahili cha kambini vikae pamoja, ili mtoto asiwe mgeni siku ya kurudi wala siku ya kubaki.

c) Simulieni kwanza habari ya Biblia, ndipo muimbe.

d) Wapeni watoto na nyimbo za huzuni. Zaburi 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu mpaka lini, na inamalizika kwa kuimba. Mtoto naye ana swali hilo.

e) Chungeni nyimbo za kisasi. Mtoto anayeimba kudharau kabila la mwenzake amesikia kwetu, jioni tulipodhani amelala. Yakobo anatuonya juu ya kinywa kimoja kutoa baraka na laana.

f) Watoto wasiimbe tu siku ya wageni. Waimbe hata pale ambapo hakuna anayewatazama isipokuwa Mungu.

Maswali ya kuongea pamoja

1. Ni wimbo gani ulioupata kwa mama au bibi yako? Je, watoto wako wanaujua?

2. Kuna wimbo tunaowafundisha watoto ambao mjane au yatima hawezi kuuimba? Tuuache au tuurekebishe?

3. Mtoto asipotaka kuimba, tunafanya nini kabla ya kumkemea?

Sala: Bwana Yesu, uliyewapokea watoto wadogo, utusaidie tusiwape maneno ambayo sisi wenyewe tutaona haya kuyasikia siku ya taabu. Amina.

Mungu awabariki nyote, na Jumapili tuwaone watoto mapema.